Kumbe ya nani? Shajara ya kuandika upya mswada mmoja

Wiki ya 1. Maneno 71,400.

Nimeufungua mswada baada ya kuufungia miezi minne. Kazi ni kuiandika upya riwaya niliyoimaliza, au niliyodhani nimeimaliza, na kuishusha chini ya maneno 50,000 kabla sijampa mtu aisome. Hadithi yenyewe haichukui muda kuieleza. Zuhura anarudi kuuza nyumba ya marehemu baba yake. Chumba cha uani kina mpangaji ambaye hakuna anayekumbuka nani alimkaribisha, naye hataki kutoka. Hamadi, mdogo wake Zuhura, anajua zaidi ya anavyosema.

Nimeusoma wote kwa sauti, siku nne. Jicho huruka mahali pabaya, ulimi hauruki. Kufikia ukurasa wa 9 nilikuwa nimeshamwambia msomaji mpangaji ni nani, baba alimwahidi nini, na Hamadi anaficha nini. Kurasa zote zilizobaki zinamngojea Zuhura ajue jambo ambalo msomaji analijua tangu mwanzo. Ziko hadithi zinazoishi kwa namna hiyo: msomaji kaona nyoka chini ya kitanda, mhusika anavua viatu. Hiyo ni taharuki halali kabisa. Yangu haikuwa na nyoka. Msomaji wangu haogopi chochote, ameketi tu kama mtu aliyefika kituoni saa mbili kabla ya basi.

Wiki ya 2. Maneno 58,050.

Nimetengeneza jedwali. Kila onyesho na mstari wake: nani anataka nini, nani au nini kinamzuia, nini kimebadilika likiisha. Maonyesho yako 63. Katika 19, safu ya mwisho imebaki tupu.

Moja kati ya hayo 19 ni onyesho la mvua, kurasa nne, ambalo nililipenda kuliko sura nzima inayolizunguka. Nilikaa nalo mchana kutwa nikilitafutia mabadiliko. Nikajaribu kujidanganya kwamba "hali ya moyo" imebadilika. Haikubadilika. Zuhura aliingia kwenye mvua akiwa na huzuni akatoka akiwa na huzuni na amelowa. Nimelihamishia kwenye faili linaloitwa Masalio, pamoja na wenzake 18. Faili hili ni hila ninayoipendekeza kwa yeyote mwenye moyo mwepesi kama wangu: hufuti kitu, unakihamisha tu. Sijawahi kurudi kuchukua chochote humo, lakini kujua kwamba kipo kunaulegeza mkono.

Wiki hii pia nimejaribu utaratibu wa Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya Mwingereza. Katika tawasifu yake, iliyochapishwa mwaka 1883 baada ya kifo chake, anasema aliandika akiwa na saa mbele yake na alijidai maneno 250 kila robo saa. Alikuwa na shajara pia, yenye idadi ya kurasa za kila siku, ili siku za uvivu zimkodolee macho. Shajara nimeichukua. Saa nimeirudisha kabatini siku ya pili. Huenda inamfaa anayeandika rasimu ya kwanza. Kwa anayeandika upya, robo saa nzuri ni ile iliyopunguza maneno 250.

Wiki ya 3. Maneno 57,600.

Tatizo la ukurasa wa 9 si la msuko. Nilijaribu kulitibu kwa kupanga upya sura, siri nikaisogeza mbele, nikaanza kwa mbinu rejeshi (kurudi nyuma kwenye yaliyopita), yote hayo. Haikusaidia, kwa sababu msimulizi wangu ni maizi: anaingia kichwa cha kila mtu, na akiwa kichwani mwa Hamadi bila kututajia anachokiwaza Hamadi, anakuwa mwongo. Msimulizi anayejua kila kitu hana kisingizio cha kunyamaza.

Kwa hiyo nimeliandika onyesho la kwanza mara tatu.

Mara ya kwanza nimeliacha lilivyo, lipimwe na mengine.

Mara ya pili nafsi ya kwanza. "Nilifika jioni." Limepata joto papo hapo, na ndipo mtego ulipo. Kufikia ukurasa wa tatu Zuhura alikuwa mcheshi kama mimi, ana mafumbo yangu, anachukia ninavyovichukia. Halafu kuna jambo zito zaidi. Mtu anayesimulia yaliyompata mwaka jana anaujua mwisho. Akinificha utambulisho wa mpangaji kwa sura kumi na moja, ananificha makusudi, na nina haki ya kumuuliza kwa nini. Wapo wasimulizi wa nafsi ya kwanza ambao ufichaji ndio tabia yao yenyewe. Zuhura si wa aina hiyo. Anaropoka.

Mara ya tatu nafsi ya tatu, lakini finyu. Msimulizi kaketi begani kwa Zuhura, anaona anachokiona yeye, asichokijua yeye nasi hatukijui.

Ya zamani ilisomeka hivi:

"Mpangaji alikuwa mtu mwema aliyeumizwa na maisha, na hakujua kwamba Zuhura amekuja kumtoa. Zuhura naye alihisi wasiwasi mkubwa."

Mpya:

"Mlango wa uani ulikuwa umepakwa rangi upya. Kijani. Baba hapendi kijani. Kwani nani alikuwa na funguo za huku?"

Neno "hapendi" lilikuwa kosa la vidole. Nilikusudia "hakupenda", maana baba amekwisha kufa. Nilipolirudia kulisahihisha nikaona limefanya kazi ambayo aya nzima ya huzuni haikuifanya: kichwani mwa Zuhura baba bado yuko wakati uliopo. Nimeliacha. Kuanzia sura ya 9 atamtaja kwa wakati uliopita, na sitamwambia msomaji kwamba kuna kilichobadilika.

Wiki ya 4. Maneno 55,900.

Hii ndiyo wiki niliyojifunza zaidi, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Ukishaamua kukaa begani kwa mtu mmoja, unahitaji njia ya kuingia kichwani mwake bila kubisha hodi kila mara. Kubisha hodi ni "alijiuliza", "aliwaza", "alihisi kwamba". Nilikuwa na "alihisi" 214. Nimezihesabu kwa kitafutio cha kompyuta na nikatamani nisingezihesabu.

Wazungu wanalitaja sana jina la Flaubert, mwandishi wa riwaya Mfaransa, katika hili, kwamba yeye ndiye aliyeifikisha mbali mbinu ya kuuacha mkondo wa mawazo ya mhusika uingie kwenye sentensi za msimulizi bila alama yoyote. Sawa. Lakini nilipokuwa nikihangaika kuiga namna hiyo niligundua kwamba Kiswahili kina vifaa vyake, tena vidogo vidogo, vilivyolala mdomoni mwa kila mtu: kwani, eti, kumbe, mbona, si, hata.

Chukua "eti". "Hamadi alikuwa safarini wiki nzima" ni taarifa ya msimulizi, naye anasimama nyuma yake. "Eti Hamadi alikuwa safarini wiki nzima" si taarifa tena. Ni Zuhura aliyeambiwa hivyo na hakuamini. Silabi mbili zimeondoa "Zuhura hakuamini aliposikia kwamba".

"Mbona" ni lalamiko la mtu fulani. Haiwezekani kuwa ya msimulizi asiye na mwili.

Na "kumbe" ndiyo mfalme wao. Kumbe ni sauti ya kitu kuanguka mahali pake kichwani mwa mtu, kwa hiyo ina mwenyewe. Kila nilipokuta kumbe kwenye mswada niliiuliza: wewe ni ya nani? Katika rasimu ya kwanza nyingi zilikuwa hazina mwenyewe. Msimulizi wangu maizi alikuwa akisema "kumbe Hamadi alikwisha kuuza kiwanja", ilhali yeye ndiye aliyejua tangu ukurasa wa 9. Anashangaa nini?

Hapa nilijibishana na nafsi yangu siku mbili. Maana msimulizi wa ngano, yule wa paukwa pakawa, husema kumbe kila mara na hadithi anaijua mpaka mwisho. Ameisimulia mara mia. Lakini yeye ana wasikilizaji mbele yake, na kumbe yake anaitoa kwa niaba yao, anawatazama machoni na kushangaa pamoja nao. Ana sauti, ana mikono, ana kutua. Kwenye karatasi simwoni msikilizaji. Kumbe yangu lazima aisikie mtu aliyemo ndani ya hadithi. Simlaumu anayeandika riwaya kwa sauti ya ngano, nampenda sana akiiweza, ila mswada huu si wa sauti hiyo.

Kanuni ya mswada kuanzia leo: kumbe zisizidi tano, zote za Zuhura, na kila moja igharimu kitu.

Wiki ya 5.

Sikuandika. Nimepanga majina ya mafaili.

Wiki ya 6. Maneno 54,200.

Wiki ya -ka-.

Hiki ni kiambishi tulichobarikiwa nacho. Hadithi nzima inaweza kukimbia juu yake bila "halafu" wala "baadaye". Tatizo ni kwamba inakimbia hata pasipotakiwa mbio. Sura ya 2, rasimu ya zamani:

"Zuhura alifungua mlango, akaingia, akawasha taa, akaona vumbi, akafungua dirisha, akaketi kitandani, akalia."

Ukiisoma kwa sauti ni gwaride. Kila tendo limepewa uzito sawa na lililotangulia, na kilio kimekuwa jambo la saba, nyuma ya dirisha. Mpya:

"Zuhura alifungua mlango. Taa haikuwaka. Alikuwa akipapasa ukutani kutafuta dirisha mkono ulipogusa koti la baba, bado limening'inia msumarini. Akaketi."

Imebaki -ka- moja, na kwa kuwa iko peke yake inasikika. Kilio nimekitoa.

Jambo la pili, nililolijua tangu shule bila kulijua: usimulizi wa -ka- hauna ukanushi wake wa moja kwa moja. Ukitaka kusema jambo halikutendeka inabidi utoke kwenye mnyororo: "akasimama, akamtazama, hakusema kitu." Kila kanusho ni breki. Nikaanza kuzitumia kwa makusudi. Ninapotaka msomaji asimame, mhusika anaacha kufanya kitu.

La tatu ni tofauti ya herufi mbili tu: "alimkuta akifunga sanduku" na "alimkuta amefunga sanduku". Katika ya kwanza Hamadi amefumaniwa. Katika ya pili Hamadi amejiandaa kufumaniwa. Nilikuwa nimeandika ya kwanza kwa mazoea. Sura ya 7 yote imegeuka nilipoweka ya pili, kwa sababu sasa Zuhura anaingia kwenye chumba ambacho mtu alikuwa akimngoja. Mazungumzo yaliyofuata hayakuafiki tena, nikayaandika upya usiku huohuo.

Wiki ya 7 na 8. Maneno 51,300.

Kiambishi "a-". Kwanza adha, kisha zawadi.

Adha: Zuhura na Hamadi wako chumba kimoja, wote ni "a-". "Alimtazama. Alijua anadanganya." Nani alimtazama nani, na nani mwongo? Kurudia majina kila sentensi kunaifanya aya isikike kama mahudhurio ya darasani. Dawa niliyoiona ni kumpa kila mmoja kitu mkononi. Hamadi ana rula ya fundi, Zuhura ana bahasha. Rula ikipiga goti, najua ni nani. Bahasha ikikunjwa, najua ni nani. Majina ya vitu yanafanya kazi ambayo viwakilishi vya watu haviwezi. "Huyo" na "yule" nazo husaidia, lakini zina sumu kidogo. "Huyo" mara nyingi hudharau.

Zawadi: "a-" haisemi mwanamume au mwanamke.

Katika rasimu ya kwanza msomaji alijua mapema kwamba mpangaji ni mwanamke. Sasa Zuhura hajui. Anamjua kwa vikaratasi vinavyopitishwa chini ya mlango, kwa nyayo za usiku, na kwa anayoyasema Hamadi. Kichwani anamwita "yule mzee", neno ambalo si la uongo, maana kila aliyezeeka ni mzee, ila sikio husikia mwanamume. Mbele ya Hamadi anasema "yule bwana". Na Hamadi hamsahihishi. Anasema "mpangaji", anasema "huyo mtu", sura kumi na moja mfululizo. Lugha inadanganya kwa niaba yake. Yeye hajatamka hata neno moja la uongo. Akirudi kusoma mara ya pili msomaji ataona kwamba Hamadi aliruka neno "bwana" kila lilipomjia mdomoni.

Sharti moja tu: ufichaji huu ni halali kwa sababu Zuhura mwenyewe hajui. Kama angekuwa anamjua mpangaji na mimi nikatumia "a-" kumzubaisha msomaji, huo ungekuwa utapeli. Nimejiandikia hilo juu ya jedwali kwa wino mwekundu.

(Mtu akija kuitafsiri kwa Kiingereza ataumwa kichwa ukurasa wa kwanza. Pole yake mapema.)

Wiki ya 9. Maneno 50,100.

Dayolojia. Kasoro yangu kubwa: watu wangu walijibu walichoulizwa.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu mpangaji?" Zuhura aliuliza kwa hasira.
"Niliogopa utakasirika," Hamadi alijibu kwa aibu.

Watu wawili wanasaidiana kumwelimisha msomaji. Sasa:

"Hukuniambia kuna mpangaji."
"Umeliona paa, dada? Nimebadilisha mabati yote ya nyuma."
"Hamadi."
"Hayavuji hata tone."

Hasira na aibu zimeondoka kwa majina, zimebaki zenyewe. Katika kuandika upya nikaona kwamba Hamadi husema "dada" pale tu anapoficha jambo. Sikulipanga. Nimelifanya kanuni, nikafuta "dada" zote zilizokuwa za bure.

"Akasema" nimeziacha nyingi. Hazionekani. "Akafoka", "akadakia" na "akabwata" zimebaki mbili kwa jumla, na moja naitazama vibaya.

Wiki ya 10. Maneno 49,700.

Ufunguo wa tatu. Katika sura ya 2 Zuhura anapewa bahasha yenye funguo tatu: wa mlango wa mbele, wa stoo, na mmoja usio na lebo. Baada ya hapo nikausahau kabisa. Chekhov, mwandishi Mrusi wa tamthilia na hadithi fupi, alimwandikia mwandishi mwenzake mwaka 1889 kwamba bunduki yenye risasi isiwekwe jukwaani kama hakuna anayekusudia kuifyatua. Nilikuwa na kidole juu ya kitufe cha kufuta.

Kisha nikafikiri kinyume. Nilikuwa na kurasa nne za mandhari, chumba baada ya chumba, zilizokuwa zikisinzia. Nimezitoa, na badala yake Zuhura anaujaribu ufunguo huo kwenye kila kitasa ndani ya nyumba. Nyumba inaonekana kupitia milango inayoukataa. Kitasa kimoja tu hakijaribu, cha chumba cha uani, kwa sababu kuna mtu ndani, na Zuhura si mtu wa kumfungulia mtu mlango wake. Msomaji ataona mapema kuliko yeye. Ndiye nyoka wangu wa chini ya kitanda, amefika wiki ya kumi.

Wiki ya 11. Maneno 48,800.

Kusoma kwa sauti tena, mswada mzima. Nimekata vivumishi. Hakuna la kusimulia.

Wiki ya 12. Maneno 48,750.

Msomaji wa kwanza. Ni rafiki ambaye haniogopi. Sikumwambia chochote kuhusu mpangaji, nilimpa nakala iliyochapwa na kalamu.

Kaurudisha siku ya sita. Sura ya 12, pale mlango unapofunguliwa, hakuweka alama yoyote. Nikamuuliza kama alishtuka.

"Nishtuke nini? Nilijua tangu sura ya 5."

Tukafungua sura ya 5. Jirani anazungumza ukutani, mstari mmoja tu wa kupita njia: "Aliwahi kuolewa, zamani." Kuolewa! Miezi yote nikichunga bwana, bi, mzee, huyo mtu, nikasahau kwamba Kiswahili kinachoficha jinsia kwenye kiambishi kinaitangaza kwenye kitenzi. Anayeoa ni nani na anayeolewa ni nani, kila msomaji anajua. Nimesoma sentensi hiyo kwa sauti angalau mara tatu na haikunigonga, kwa sababu mimi nilijua, na anayejua hasikii.

Nilibadilisha kuwa "aliwahi kufunga ndoa". Iko salama, lakini inasikika kama cheti, na jirani yule si mtu wa vyeti. Nikajaribu "aliwahi kuwa na mwenziwe", ikapita. Baadaye nikafanya jambo lingine kabisa: nimeirudisha "kuolewa", lakini nimeipeleka sura ya 11, kurasa sita kabla ya mlango, na Zuhura yuko pale akiisikia. Haitiki. Anaendelea kuikunja bahasha. Sura ya 12 inaanza na moja ya zile kumbe tano.

Rafiki yangu aliweka alama nyingine 40 hivi. Nakubaliana na 33. Kati ya saba nilizozikataa, mbili zimeanza kuninyima usingizi.

Wiki ya 13. Maneno 48,900.

Yameongezeka 150, ya sura ya 11. "Alihisi" zilizobaki ni 31. Tatu ziko sura ya 14, aya moja. Nitaanzia hapo Jumatatu.